Shajara ya mradi: benchi la mringaringa la barazani, Kibosho

Mei

Mringaringa uliosimama mpakani mwa kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, na cha jirani uliangushwa na upepo wa masika. Baba mdogo alipeleka taarifa ofisi ya kijiji, kibali cha kuupasua kikapatikana, na familia ikakubaliana kwamba sehemu kubwa ya gogo itengenezwe milango, nami nipewe mbao tatu nene kwa ajili ya benchi la barazani. Hakuna aliyelalamikia mgawo huo, kwa kuwa niliomba sehemu ya juu ya gogo, penye kombo na mafundo, ambayo fundi wa milango asingeitaka hata kwa bure.

Mringaringa, ambao wataalamu wa mimea huuita Cordia africana, ni mti wa asili katika vihamba vya Kilimanjaro. Hutoa kivuli kwa migomba na mibuni, na wazee huuchonga mizinga ya nyuki. Mbao zake ni nyepesi kiasi, hazisumbui randa, na kiini chake chenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu huvumilia kuliko sehemu nyeupe inayokizunguka. Ningeweza kununua mabanzi ya paini mjini Moshi kwa bei ndogo zaidi ya gharama ya kumlipa mtu wa chenso, lakini banzi ni ganda la nje la gogo, yaani karibu lote ni weupe, na weupe wa mti ukikaa nje ni chakula cha wadudu.

Benchi ninalokusudia ni la namna rahisi kabisa: ubao mmoja mnene wa kukalia ambao kingo zake zimeachwa na umbo la mti wenyewe, na miguu minne ya mviringo iliyopigiliwa ndani ya matundu kutoka chini, bila egemeo, bila skrubu na bila vyuma vya kona. Mabenchi yanayofanana nalo huuzwa kandokando ya barabara, na mengi hulegea miguu kabla kiangazi cha kwanza hakijaisha, kwa sababu huundwa kwa mti mbichi. Kwa hiyo nimeamua kwamba kazi hii itaongozwa na suala la maji kuliko suala la urembo: maji yaliyomo ndani ya mti leo, maji ya mvua yatakayoanguka juu ya benchi, na unyevu utakaopanda kutoka ardhini kupitia miguuni. Anayeyadhibiti hayo matatu anaweza kuacha mafundo, kombo na hata alama za chenso, na benchi likadumu. Asiyeyadhibiti, hata akilipiga msasa mpaka ling'ae, amepoteza msasa wake.

Kijana wa chenso nilimwomba apasue gogo kwa namna ambayo moyo wa mti hautabaki ndani ya ubao wowote kati ya mitatu yangu. Mti unapokauka hunywea, lakini haunywei kwa usawa: kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji hunywea takriban mara mbili zaidi ya unavyonywea kuelekea moyoni, na kwa urefu haunywei kwa kiasi cha kuonekana. Ubao uliobeba moyo hauna namna ya kuimaliza tofauti hiyo isipokuwa kupasuka. Alikata kipande cha katikati chenye moyo, kikaenda kwenye kuni, kisha akanipasulia mbao za unene wa inchi mbili na nusu, nikaziacha na urefu wa sentimita 160 ili ncha zitakazopasuka ziweze kukatwa baadaye.

Magome niliyabandua siku hiyohiyo, yangali mabichi na yanatoka kwa vipande virefu kwa kusukumwa na ncha butu ya kijiti. Mama alisimama mlangoni akitazama, kisha akauliza, "Si ulisema unataka lionekane la porini, mwanangu? Mbona sasa unalimenya?" Nilimweleza kwamba bungua hupenda kutaga chini ya gome, na kwamba gome lililoachwa juu ya ubao unaokauka hubanduka lenyewe, tena kwa mabaka, pengine likiwa tayari limeshika sketi ya mgeni. Alikubali hoja ya sketi kuliko ile ya bungua.

Ncha za mbao nilizipaka mabaki mazito ya rangi ya mafuta tuliyopakia geti, kwa kuwa maji hutoka kupitia ncha kwa kasi kubwa mno kuliko kupitia uso wa ubao, na kasi hiyo ndiyo inayozaa nyufa za mwanzo. Kisha mbao zikapangwa nyuma ya jiko, juu ya mawe, zikitenganishwa na vijiti vya unene wa inchi moja vilivyowekwa kila baada ya sentimita 45, kijiti cha juu kikisimama sawasawa juu ya kijiti cha chini, kwa sababu vijiti vilivyopishana huupinda ubao polepole bila mwenye ubao kujua. Juu yake kuna bati la kuzuia mvua na mawe ya kukandamiza. Pembeni hakuna ukuta, upepo upite. Ubao utakaokuwa wa kukalia nimeupima kwa mizani ya kuning'iniza tunayopimia mikungu ya ndizi, na una kilo 30.

Juni

Baridi na ukungu vimeshika mlima, na mbao hazina habari ya kuandika zaidi ya ukungu wa kijivu uliotokea juu ya weupe, ambao niliufuta kwa brashi kavu. Habari ya mwezi huu ni miguu.

Baba mdogo anang'oa mibuni ya zamani upande wa chini wa kihamba ili apande aina mpya zilizozalishwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, ambazo zinastahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mashina yaliyong'olewa yalikuwa yaende kwenye kuni, nami nikachagua yaliyonyooka zaidi na yenye unene wa kutosha. Mti wa mbuni ni mgumu na mzito, na nyuzi zake zimeshikamana kiasi kwamba msumeno hutoa unga laini badala ya nyuzinyuzi. Kwa kuwa mibuni ya zamani ilipuliziwa dawa ya mrututu kwa miaka mingi, niliyabandua magome yake nikiwa nimevaa glavu na kuyafukia mbali na mfongo, mfereji wetu wa maji.

Vipande hivi sikuviweka pamoja na mbao. Nimevipandisha kwenye uchaga wa jiko la nje, juu ya mafiga, mahali pa kuni na mahindi ya mbegu, vipate joto na moshi kila siku. Sababu yake ndiyo siri nzima ya benchi lisilo na gundi: mguu unapaswa kuingia ndani ya ubao ukiwa mkavu kuliko ubao wenyewe. Baada ya hapo ubao utaendelea kunywea kidogo na kuukaba mguu, huku ulimi wa mguu, yaani ncha yake iliyochongwa iingie tunduni, ukivuta unyevu wa hewa na kuvimba ndani ya tundu, na hivyo vitu viwili vitakuwa vikibanana badala ya kuachana. Ukiugeuza mpangilio huo, mguu mbichi ndani ya ubao mkavu, utakuwa na benchi linalocheza kabla hujamaliza kulisifia.

Agosti

Mizani inaonyesha kilo 22. Kwa kuwa uzito peke yake hausemi ni maji kiasi gani yamebaki, nilikata kipande kutoka katikati ya ubao wa akiba, mbali na ncha, nikakipima kwenye mizani ya jikoni kikiwa na gramu 268, kisha nikakiacha ndani ya oveni kwenye joto linalozidi kidogo nyuzi 100 hadi uzito ukaacha kushuka, kikabaki na gramu 201. Maji yaliyotoka ni gramu 67, na 67 ukiigawa kwa 201 unapata theluthi moja, yaani unyevu wa takriban asilimia 33.

Tarakimu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Maji yanayojaa kwenye uwazi wa chembe za mti ndiyo hutoka kwanza, na wakati huo ubao hupungua uzito bila kubadilika umbo. Unyevu unapofika kati ya asilimia 25 na 30 maji hayo huwa yamekwisha, na yanayobaki ni yale yaliyofungamana na kuta za chembe zenyewe. Yakianza kutoka hayo, ndipo mti huanza kunywea, kupinda na kupasuka. Kwa maneno mengine, mbao zangu zimepoteza zaidi ya nusu ya maji yake na bado hazijaanza mtihani wowote. Anayezigonga kwa vidole leo, akazisikia zinalia, akaamua kuanza kazi, atakuwa ameanza mahali pabaya kuliko pote.

Nimegeuza mpangilio, ubao wa juu umekwenda chini, na mawe yamerudi juu yake.

Oktoba

Chini ya ubao wa kukalia nimekuta unga mweupe uliojikusanya juu ya kijiti, laini mno, na juu yake matundu madogo kwenye ukingo mmoja. Ni bungua. Wameingia kwenye weupe peke yake, kwa kuwa humo ndimo mti huhifadhi wanga wake. Walipofika kwenye mpaka wa kiini wamegeuka wakaenda sambamba nao. Niliuondoa weupe wote wa sehemu ile kwa kisu cha mikono miwili hadi rangi ya kahawia ikatokea. Ukingo huo sasa una bonde la urefu wa mkono mmoja ambalo halikuumbwa na mti, lakini ni bonde zuri, na jirani aliyepita aliniuliza kama lilikuwapo tangu mwanzo.

Maranda yaliyotoka nimeyachoma, ingawa kawaida maranda ya hapa nyumbani huenda kwenye banda la kuku wa shangazi.

Desemba

Kila anayejua desturi ya Uchagani anajua kwamba Desemba vihamba hujaa. Ndugu walipanda kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, magari yakabanana kwenye njia ya kuingilia, na swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa ni lini nitamaliza benchi, kwa kuwa shina la ukoo lilikuwa na watu wengi kuliko viti. Shemeji yangu alikwenda mwenyewe nyuma ya jiko, akauinua ubao mmoja, akarudi na kutangaza kwamba ni mkavu kabisa na kwamba kilichobaki ni uvivu wangu.

Sikuanza kazi. Mvua za vuli zilikuwa zimetoka tu, hewa ilikuwa nzito, na mizani ilikuwa imesimama palepale tangu Novemba. Ubao ulioacha kupungua uzito wakati wa mvua huenda umelingana na hewa ya mvua tu, na hewa ya Januari itauchukulia mengine. Wageni walikalia viti vya plastiki vilivyokodiwa, wakala mtori na nyama, mbege ikazunguka, na hakuna aliyelala njaa kwa kukosa benchi.

Januari

Jua limewaka mfululizo na ubao umeshuka hadi kilo 19, ukabaki hapo. Kipande kipya kutoka ubao wa akiba kilikuwa na gramu 212 kabla ya oveni na 183 baadaye, sawa na unyevu wa asilimia 16 hivi, ambao kwa benchi la barazani unatosha. Upana wa ubao umepungua kwa takriban sentimita moja tangu Mei. Urefu wake ni uleule. Nyufa zipo kwenye ncha, fupi, zote ndani ya sehemu niliyokusudia kuikata. Benchi litakuwa na urefu wa sentimita 150.

Swali lililochukua muda mwingi mwezi huu ni upande upi ukae juu. Ubao uliopasuliwa pembeni mwa moyo, unapokauka, hujikunja kwa kukimbia moyo: upande uliotazama gome huwa na bonde, na upande uliotazama moyo huwa na mgongo. Wangu umefanya hivyo kwa kiasi kidogo, kiasi cha kupitisha kadi ya simu chini ya rula. Mzee mmoja wa jirani aliyekuwa fundi seremala kwa miaka mingi, ambaye sote tunamwita Babu, alikuja kuutazama.

"Upande wa moyo nauweka juu, Babu," nilimwambia baada ya kumwamkia.

"Usifanye hivyo. Upande wa moyo huinuka nyuzi. Leo laini, baada ya mvua mbili unachoma watu." Alipitisha kiganja chake juu ya ubao polepole, kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha akakirudisha kwa upande wa pili. "Hapa," akasema, akisimamisha kidole kimoja juu ya mahali ambapo mimi sikuona kitu. Nilipotazama kwa kuinamia mwanga, kulikuwa na ulimi mwembamba wa mti, mwepesi kuliko karatasi, uliokwisha kujitenga na wenzake kwenye ncha yake ya mbele.

Babu ana haki kuhusu nyuzi, lakini nimebaki na uamuzi wangu kwa sababu ya mvua inayopigwa na upepo hadi barazani. Upande wa moyo ukiwa juu, kila ubao utakavyojikunja zaidi, mgongo utazidi kuwa mgongo na maji yatateremka pande zote mbili; upande wa gome ukiwa juu, bonde litakuwa bakuli. Tena, kingo za mti zitainama kwa kuingia chini ya benchi badala ya kutoka nje, na tone litaanguka moja kwa moja ardhini bila kutambaa kuelekea miguuni. Tulikubaliana kwamba sehemu aliyoionyesha nitaikwangua mpaka nyuzi zile ziishe. Alinipa kipande cha kioo kilichovunjwa kwa mstari ulionyooka na kunionyesha namna ya kukiinamisha na kukivuta; kinatoa maranda membamba yanayopitisha mwanga, na kwenye mafundo kinafanya kazi safi kuliko randa yangu.

Kabla ya randa nililaza mbao mbili nyembamba zilizonyooka, moja kila mwisho wa ubao, nikachuchumaa na kuzitazama moja juu ya nyingine. Mbao hizo zikionekana sambamba, ubao haujajipinda. Zikikatana, pembe mbili ziko juu. Pembe mbili zilikuwa juu kidogo, nikazipiga randa upande wa chini peke yake, kwa kuwa uso wa chini ndio miguu itakaoutegemea. Juu nimeacha alama chache za chenso karibu na ukingo wa nyuma, zimelainishwa kwa msasa ili zisikwaruze lakini zionekane. Unene uliobaki ni sentimita 5.5. Kwa unene huo na urefu huu sihitaji ubao wa kuunganisha miguu kwa chini, ambao aghalabu huwa ni kikanyagio cha watoto na mahali pa kwanza pa kuoza.

Februari

Mahali pa matundu ni sentimita 25 kutoka kila ncha. Ukiisogeza miguu kuelekea katikati, mtu mmoja akikaa mwishoni benchi litanyanyuka. Ukiisogeza nje mno, tundu linakuwa karibu na ncha na ubao unaweza kupasuka. Miguu itainama kuelekea nje kwa nyuzi 14. Badala ya kuhangaika na pembe mbili kwa wakati mmoja, mmoja wa urefu na mmoja wa upana, nilichora chini ya ubao mstari wa mshazari kutoka kila tundu kuelekea mahali mguu unapotakiwa kukanyaga, na nikatoboa kwa kufuata mstari huo tu. Pembe nilikata kwenye kadibodi ngumu, mpwa wangu akaishika pembeni mwa biti ya milimita 38 huku nikizungusha keekee ya mkono. "Mjomba, unalala kushoto," alikuwa akisema, na kila aliposema hivyo alikuwa sahihi. Drili ya umeme ingemaliza mapema zaidi, lakini kwa tundu la upana huo huvuta mkono, na pembe ikiharibika mwanzoni haiwezi kurudishwa. Ncha ya biti ilipochungulia upande wa pili, niligeuza ubao na kumalizia kutoka huko ili kingo za tundu zisimeguke.

Ndimi za miguu nilizichonga kwa kisu na kuzimalizia kwa tupa ya mbao, nikizijaribu kwenye tundu nililolitoboa kwa biti ileile ndani ya kipande cha ubao wa akiba. Ndani ya tundu hilo la majaribio nilipaka risasi ya penseli. Ulimi ukiingizwa, ukazungushwa na kutolewa, sehemu zilizo nene hutoka zikiwa nyeusi zenye kung'aa, na hizo peke yake ndizo hupigwa tupa. Ni kazi ya subira, lakini humwondolea mtu kishawishi cha kuupunguza ulimi wote kwa pamoja hadi unacheza.

Miguu ilitoka uchagani siku ya kuunganisha, haikutoka mapema. Kabla ya kuipigilia, ndimi zake zilichomekwa ndani ya debe la mchanga uliopashwa moto juu ya makaa, ndimi tu, mguu uliobaki ukiwa nje. Joto la mchanga huondoa unyevu wa mwisho na ulimi hunywea kiasi cha kuingia kwa mkono mahali ambapo asubuhi ulihitaji nyundo. Gundi sikutumia, gundi nyeupe ya maji inayopatikana madukani haipendi mvua, na inapoachia huacha uwazi.

Kinachofunga ni kabari. Kila ulimi ulikatwa kwa msumeno kutoka juu hadi theluthi mbili za urefu wake, na ndani ya mkato huo ikapigiliwa kabari ya mbuni mkavu. Mkato unapaswa kukatiza nyuzi za ubao wa kukalia, usilale sambamba nazo. Kabari inapoufungua ulimi, nguvu yake huelekea kwenye urefu wa nyuzi, ambako ubao ni imara. Ikigeuzwa, nguvu hiyo huwa ni ile ile ya kupasulia kuni. Nilipiga nyundo hadi sauti ilipobadilika kutoka mdundo mzito na kuwa mlio mfupi mkali, nikaacha. Vichwa vya ndimi vilikatwa vikalingana na uso wa ubao, na sasa vinaonekana kuwa duara nne nyeusi kidogo, kila moja ikiwa na mstari mmoja katikati.

Kimo kilipangwa kwa kipimo cha Mama na si kwa kipimo cha vitabu. Viti vingi huwa na sentimita 43 hivi, lakini magoti yake yanasumbua, na kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi ni kazi zaidi ya kukaa. Nilipima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake akiwa amevaa viatu anavyovaa nyumbani, na tukakubaliana sentimita 46. Benchi liliwekwa juu ya sakafu ya saruji, likasawazishwa kwa vipande vya mbao chini ya miguu hadi pimamaji ikatulia pande zote, kisha penseli ikalazwa juu ya kibao na kuzungushwa kila mguu. Mstari huo mmoja ndio msumeno ulioufuata, na benchi likasimama.

Kuhusu mafuta, majirani kadhaa walishauri oili chafu ya magari. Kwa nguzo za uzio sina ugomvi nayo, lakini kwa kitu cha kukalia inachafua nguo na ina mabaki ambayo sitaki yagusane na ngozi ya mtu. Vanishi nayo hupasuka juani, maji yakaingia chini yake na yakakosa njia ya kutokea. Nilitumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono wa kwanza ukiwa umepunguzwa kwa tapentaini, na kila mkono ukifutwa kwa kitambaa baada ya kunywewa ili usibaki utando wa kunata. Nyayo za miguu zilisimamishwa ndani ya kopo la mafuta hayo usiku kucha, maana hapo ndipo nyuzi zimekatwa wazi na hapo ndipo unyevu hupandia. Vitambaa vilivyotumika vilitandazwa mmoja mmoja kwenye uzio hadi vikakauka. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikikunjwa na kuachwa pembeni hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Hilo ni jambo la kweli na nyumba zimeungua kwa sababu yake.

Benchi limewekwa barazani, kila mguu ukiwa juu ya jiwe bapa lililonyanyuka kidogo kutoka kwenye udongo. Mawe hayamzuii mchwa kupita, lakini yanamlazimisha kujenga njia yake ya udongo mahali panapoonekana, na njia inayoonekana hubomolewa kwa ufagio.

Mei

Masika yamepita juu ya benchi. Upepo ulileta mvua barazani mara nyingi, na ubao wa kukalia ulivimba kiasi kwamba upana wake umeongezeka kwa milimita tatu. Mgongo umebaki mgongo, na maji hayakutuama isipokuwa kwenye fundo moja lenye kidimbwi, ambalo nimelitolea njia kwa patasi kuelekea ukingoni. Miguu yote minne imekaza. Nilijaribu kuizungusha kwa mikono miwili na hakuna uliosogea. Nyuzi zimeinuka palepale Babu aliposema, si kwa ukali, nami nimezikwangua tena kwa kipande chake cha kioo.

Kwenye jiwe la mguu wa nyuma nilikuta njia ya mchwa imepanda hadi kufikia unyayo. Niliibomoa na kuutazama unyayo kwa tochi. Mafuta bado yapo na hakuna walichokula. Jiwe hilo lilikuwa limezama kwenye udongo uliolegezwa na maji ya paa, kwa hiyo nimelinyanyua kwa kokoto, na baba mdogo ameahidi kusogeza mdomo wa gata.

Mkono mwingine wa mafuta utapakwa Agosti, hewa ikikauka. Ubao wa pili ungali nyuma ya jiko chini ya mawe yake, na Mama ameshasema kwamba huo ni wa benchi fupi la jikoni, kimo kisichozidi sentimita 30, lenye miguu mitatu kwa kuwa sakafu ya jiko la nje haiko sawa.